Siki, pamba na swali la "nani kaniletea?"

Swali ninaloulizwa kuliko yote kwenye chumba cha uchunguzi huja mwishoni, mama akiwa ameshavaa, kajifunga kanga upya, mkoba uko mapajani. Kwanza atauliza mengine: kama atazaa tena, kama anaruhusiwa kubeba ndoo ya maji, kama kuna dawa za kununua. Kisha sauti inashuka. "Sasa sista, hiki kitu kaniletea nani?"

Mimi ni nesi kwenye kituo cha afya hapa Mwanza. Nilianzia wodi ya wazazi, nikahamishiwa kliniki ya afya ya uzazi, na kwa miaka mingi sasa kazi yangu kubwa ni kupima dalili za awali za saratani ya mlango wa kizazi, ambayo wengine huiita ya shingo ya kizazi. Naandika haya kwa sababu ya swali hilo. Nimeliona likivunja nyumba za watu, nimeliona likiwafanya wanawake wasirudi kwa matibabu, na ukilitazama kwa utulivu utakuta mara nyingi halina jibu.

Karibu saratani zote za mlango wa kizazi zinatokana na kirusi kimoja, HPV. Si VVU. Nasema hivi kila siku kazini na nitasema hapa pia: si VVU. Kina aina zaidi ya 200. Zipo zinazoota sunzua mikononi. Zipo, hasa namba 6 na 11, zinazoleta masundosundo sehemu za siri, yanaudhi na yanaaibisha lakini hayageuki saratani. Na zipo kama 14 ambazo ndizo za kuogopwa, na katika hizo namba 16 na 18 peke yake zinabeba takriban asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi duniani. Aliyelithibitisha jambo hili ni Mjerumani Harald zur Hausen. Miaka ya 1970 watafiti wengi walikuwa wanakishuku kirusi cha malengelenge ya sehemu za siri; yeye akang'ang'ania HPV, akaipata namba 16 mwaka 1983, namba 18 mwaka uliofuata, na mwaka 2008 akapewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Sisi chuoni habari hiyo yote tulipewa kwa sentensi mbili. Mwalimu alikuwa na haraka ya kufika kwenye matatizo ya uzazi, na simlaumu, maana wakati ule hatukuwa na chanjo wala kipimo cha kumpa mtu kijijini.

Jambo ambalo wanawake hawaliamini mpaka nilirudie ni hili: HPV ni ya watu wote. Karibu kila mtu aliyewahi kujamiiana hukutana nayo wakati fulani maishani, mwanamke na mwanamume, mlokole na mlevi. Haihitaji damu wala shahawa, ngozi ya sehemu za siri kugusana na ngozi inatosha, ndiyo maana kondomu hupunguza hatari bila kuimaliza. Na kwa walio wengi, kama 9 katika 10, mwili unakifukuza wenyewe ndani ya miaka miwili bila mtu kujua kama alikuwa nacho. Hakuna homa, hakuna muwasho, hakuna uchafu. Shida iko kwa wale wachache ambao kirusi kimekaa na hakitaki kutoka.

Na hata kikikaa, hakina haraka. Kutoka maambukizi mpaka saratani ni miaka 15 hadi 20 kwa mwanamke mwenye kinga nzuri. Hapo ndipo swali la "nani" linapokwama. Mama wa miaka 45 ninayemwona na mabadiliko leo huenda alikipata akiwa na miaka 23, na mume aliyekaa naye nje kwenye benchi alikuwa hata hajamjua. Au yeye hajawahi kuwa na mwanamume mwingine, ila mume alikuwa na mwenzake kabla. Au ni mke wa pili. Au mume alitembea nje juzi, nalo linawezekana, siwatetei wanaume. Lakini hakuna kipimo duniani kinachoweza kukuambia ni ipi kati ya hizo. Ukitaka kumshtaki mumeo kwa kutembea nje, tafuta ushahidi mwingine. Huu haufai.

Nikwambie habari ya mama mmoja anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba. Alikuja kutolewa kijiti cha uzazi wa mpango kilichoisha muda. Nikamuuliza umri, 38. Nikamuuliza kama amewahi kupimwa mlango wa kizazi. "Siumwi, sista." Wote husema hivyo, na ni kweli hawaumwi, ndiyo maana tunawataka wakati huo. Nikamwambia ni dakika kumi, hakuna sindano, hakuna kukatwa. Akaangalia saa ya simu, akasema mzigo wake una mtu wa kuulinda mpaka saa sita, twende.

Alilala chali, magoti juu, kanga yake mwenyewe ikimfunika. Niliingiza kile kifaa cha kutanulia, nikasogeza taa. Mlango wa kizazi wenye afya ni wa waridi, unang'aa, una tundu katikati. Nikachukua pamba, nikaichovya.

"Nini hicho kinanuka hivyo?"

"Siki."

"Siki hii hii ya kwenye kachumbari?"

"Hii hii. Mradi ukali wake uwe kati ya asilimia 3 na 5."

Alicheka mpaka kifaa kikatikisika, nikamwomba atulie. Ukishapaka siki unasubiri dakika moja nzima, saa ukutani iko hapo, na dakika hiyo wengi wanashikilia pumzi bila kuambiwa. Siki haimwoni kirusi. Inachofanya ni kugandisha protini, na chembechembe zilizobadilika zina kiini kikubwa chenye protini nyingi kuliko zenzake, kwa hiyo zinageuka nyeupe na zile nzima zinabaki na rangi yake. Kwa mama wa dagaa kilijitokeza kidoa cheupe kizito upande wa juu wa tundu, kina ukingo unaoonekana wazi, kimeanzia palepale ambapo ngozi ya ndani inakutana na ya nje. Karibu kila mara huanzia hapo, kwenye eneo la makutano, kwa sababu chembechembe zake ziko katika kubadilikabadilika na kirusi hupenda mahali pa namna hiyo. Nilimpa kioo kidogo cha mkononi aone mwenyewe. Aliangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. "Kumbe ndiko watoto walikotokea," akasema.

Kidoa kilikuwa kidogo, hakikuingia ndani ya tundu, hakikuwa na dalili ya saratani yenyewe. Zamani ningemtibu kwa tiba mgando, ile ya kugandisha kwa gesi, na mara nyingi ungekuta mtungi umeisha na mama anaambiwa arudi wiki ijayo, naye harudi. Siku hizi tuna mashine ndogo inayochoma kwa joto la kama nyuzi 100, haifiki hata dakika moja, mama anasikia kama tumbo la hedhi, anashuka kitandani. Alimaliza kabla ya saa sita. Nilimwandikia kwenye kadi: chanya, ametibiwa, arudi baada ya mwaka, asifanye tendo la ndoa kwa wiki 4 ili kidonda kipone.

Kesho yake asubuhi alikuja mumewe. Mwanamume wa heshima, shati limepigwa pasi, kadi ya mkewe kaikunja mfukoni.

"Sista, mimi sina ugomvi na wewe. Nataka kujua mambo mawili tu. Huu uchanya ni wa nini, na hizi wiki nne ni za nini."

Nilimkaribisha akae. Nchi hii mtu akiona "chanya" kwenye karatasi ya hospitali, anasikia UKIMWI, hana neno lingine kichwani, na mama kwa hofu alishindwa kumweleza. Nilimchorea kwenye daftari umbo la mfuko wa uzazi, nikamwonyesha mlango, nikamwonyesha kidoa kilikuwa wapi. Nikamwambia mkewe hana saratani, na kwa kilichofanyika jana uwezekano wa kuipata umepungua sana. Wiki nne alizielewa haraka kuliko nilivyodhani. Kidonda ni kidonda. Lakini swali lilikuwa bado.

"Kwa hiyo nani kamwambukiza mwenzake?"

"Baba, kabla ya kumwoa huyu mama, uliwahi kuwa na mwanamke mwingine?"

Akakohoa. "Ujana, sista."

"Na yeye kabla yako?"

"Hayo sikuuliza."

"Basi na mimi siwezi kukujibu. Miaka yote hiyo imo humohumo."

Alinyamaza, halafu akauliza jambo ambalo wanaume wachache huuliza: yeye apimwe wapi? Nikamwambia ukweli, kwamba kwa wanaume hakuna kipimo cha kawaida cha HPV, na mara nyingi haiwaletei shida, ingawa inaweza kusababisha saratani ya uume, ya njia ya haja kubwa na ya koo. Nikamwambia pia kwamba tohara hupunguza uwezekano wa mwanamume kubeba kirusi hiki na kumpa mwenzake. Huku Kanda ya Ziwa kampeni za tohara ziliingia kwa ajili ya VVU, na wengi waliotahiriwa ukubwani hawajui kwamba wake zao walipata na faida hii. Alisema yeye alitahiriwa kwenye kampeni. "Basi umeshafanya sehemu yako," nikamwambia. Aliondoka na kadi yake mfukoni. Siku hizi mama hatoki chumbani kwangu kabla hajanisomea kwa mdomo wake kilichoandikwa na atakavyokieleza nyumbani.

Sasa nisimulie upande wa pili, maana si wote wanaokuja wakati siki bado inafaa.

Bibi mmoja aliletwa na mkwewe kutoka upande wa Sengerema. Alikuwa zaidi ya miaka sitini. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Kabla hajapanda kitandani nilishajua, kwa sababu ya harufu. Wanaofanya kazi hii wanaijua, haifanani na harufu ya maambukizi ya kawaida. Mkwewe alikuwa ameloweka pamba manukato akaiweka kwenye mkoba, anaivuta kila baada ya dakika chache, hakutaka mama mkwe aone.

Bibi alikuwa anatoka damu kwa karibu mwaka. Mwanzoni alifurahi. Alidhani hedhi imerudi, na kuna wanawake wa umri wake waliomwambia ni baraka, mwili umepata nguvu mpya. Damu ilipozidi alikwenda mahali wakampa dozi ya uchafu. Akamaliza, damu ikaendelea, akapewa dozi ya U.T.I. Akapewa nyingine. Kila mtu alimpa vidonge na hakuna aliyemwomba apande kitandani amwangalie. Mimi hilo ndilo linalonikasirisha katika kazi hii kuliko ujinga wa mgonjwa. Mwanamke aliyekoma hedhi akitoka damu, hata tone, aangaliwe kwa macho. Anayetoka damu baada ya tendo la ndoa, vivyo hivyo. Anayetoka damu katikati ya mwezi, au uchafu wenye harufu usiosikia dawa, vivyo hivyo. Vidonge havioni.

Kwa umri wake siki hainisaidii hata angekuwa mzima, kwa sababu eneo la makutano huwa limerudi ndani ya tundu na huwezi kuliona. Lakini hapakuwa na haja ya siki. Mlango wa kizazi haukuwepo tena kama mlango. Palikuwa na uvimbe uliochimbika, ukiugusa na pamba unavuja damu. Nikatoa kifaa taratibu, nikamwandikia rufaa ya kwenda Bugando kuchukuliwa kinyama na kuangaliwa imefika wapi. Zamani mgonjwa wa Kanda ya Ziwa aliyehitaji mionzi alisafiri mpaka Ocean Road, Dar es Salaam, na wengi waliishia kwenye hesabu ya nauli. Siku hizi tiba ipo karibu zaidi. Kwa bibi ilikuwa imeshashika kibofu. Alipewa mionzi ya kupunguza damu na maumivu, damu ikakoma kweli, akarudi kwake Sengerema na kuishi miezi kadhaa pasipo ile harufu, na mkwewe aliponipigia simu kunipa taarifa ya msiba alilitaja hilo la harufu kwanza.

Watu huniuliza inakuwaje kirusi kidogo, ambacho hakiumi, kimfikishe mtu hapo. Chembechembe zetu zina breki. Kuna protini zinazozuia chembe isijigawe hovyo, na ikiharibika zinaiamuru ife. HPV za hatari zinatengeneza vitu viwili, wataalamu wanaviita E6 na E7, kazi yake ni kuzikata breki hizo. Ni bodaboda iliyokatwa breki ikiwa bado iko tambarare: kwa miaka inaenda vizuri tu, dereva hana habari, hadi ikutane na mteremko. Mteremko ni makosa yanayojikusanya ndani ya chembe moja baada ya jingine bila kusahihishwa. Tunachofanya kwa siki na joto ni kumsimamisha dereva akiwa bado tambarare.

Kwa wenye VVU tambarare ni fupi. Kinga ikiwa imeshuka, mwili unashindwa kukifukuza kirusi, na ile safari ya miaka 15 hadi 20 inaweza kuwa miaka 5 hadi 10. Mwanamke mwenye VVU ana hatari mara sita ya kupata saratani hii. Ndiyo maana wale wanaochukua dawa CTC, kliniki ya wenye VVU, tunawaita kupimwa mapema zaidi na mara nyingi zaidi kuliko wengine, na nawasifu, wanakuja. Wamezoea kliniki, wamezoea tarehe za kurudi, hawaogopi kadi. Wanaonisumbua ni wale wasio na ugonjwa wowote, wenye biashara zao, wanaopita kila siku mbele ya geti letu.

Na hapo kuna jambo ambalo halimo kwenye vitabu. Miaka ya nyuma tulibandika mabango, tukatangaza kanisani na msikitini, tukaita wahudumu wa jamii wapite nyumba kwa nyumba. Idadi ilipanda kidogo, ikashuka. Siku moja fundi alikuja kurekebisha mabomba, nikamwomba aniwekee komeo ndani ya mlango wa chumba changu, na pazia kati ya kitanda na mlango. Kabla ya hapo mtu yeyote angeweza kuingia kuuliza mafaili yako wapi huku mama amelala miguu juu, na wanafunzi wa kiume wa mazoezi waliingia bila kubisha. Komeo lile limeniletea wanawake kuliko mabango yote. Waliambizana wenyewe sokoni: siku hizi anafunga mlango.

Jingine linalokuja ni kipimo cha HPV chenyewe, ambacho Shirika la Afya Duniani tangu 2021 linakipendekeza kuanzia miaka 30, au 25 kwa wenye VVU. Uzuri wake mama anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti chenye pamba, hata chooni, bila kupanua miguu mbele ya mtu. Nimewaona akina mama wa Kiislamu na wazee wa kanisa waliokataa kitanda kwa miaka wakikichukua kijiti bila maneno. Ila kipimo hiki kinamtaja kirusi kwa jina, hivyo swali la "nani" litarudi kwa nguvu mpya, na sisi manesi tujiandae kulijibu kabla hatujagawa majibu.

Nimeandika sana juu ya kupima na sijagusa chanjo, nayo ndiyo ingenikosesha kazi, nami ningeshukuru. Tanzania ilianza kuchanja wasichana wa miaka 14 nchi nzima mwaka 2018, baada ya majaribio mkoani Kilimanjaro. Mwaka 2024 ikahamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Rwanda ilitutangulia wote Afrika, mwaka 2011. Kabla ya kampeni kila mara simu hujaa sauti za WhatsApp: chanjo inafunga kizazi, Wazungu wanapunguza watu, mbona hawawachanji wavulana. Nilikaa kwenye kikao cha wazazi shuleni, baba mmoja akasimama akasema dozi zilikuwa tatu, zikawa mbili, sasa moja, je tunafanyiwa majaribio?

Swali lake lilikuwa zuri na nilimjibu kwa heshima. Majaribio yalifanyika kweli, tena hapahapa. Wasichana 930 wa shule za Mwanza, wazazi wao wakiwa wameridhia, waligawanywa kupata dozi moja, mbili au tatu, na miaka miwili baadaye karibu wote waliopata moja walikuwa na kinga dhidi ya namba 16. Kenya wakafuatilia wanawake vijana 2,275 wa miaka 15 hadi 20, na kufikia miezi 18 dozi moja ilikuwa imewakinga na namba 16 na 18 kwa asilimia 97.5. Dozi zilipungua kwa sababu ushahidi uliongezeka, na sehemu ya ushahidi huo ni damu ya watoto wetu wenyewe. Juu ya kufunga kizazi nilimwambia asiniamini mimi, aangalie mabinti waliochomwa mwaka 2018, wengine tayari wanakuja kwangu kliniki ya wajawazito. Juu ya wavulana alikuwa na haki: Australia na Uingereza wanawachanja, na nasi pengine tutafika, kwa sasa dozi zinaelekezwa kule saratani inakoua zaidi. Mwaka 2022 saratani hii iliua wanawake takriban 350,000 duniani, wengi mno wakiwa katika nchi zenye kipato kama chetu, na hapa Tanzania wanaogundulika ni zaidi ya 10,000 kila mwaka. Scotland, ambako walianza kuchanja mapema, hawajakuta saratani ya mlango wa kizazi hata moja kwa waliochanjwa kikamilifu wakiwa na miaka 12 au 13. Yule baba hakusema kitu, ila binti yake alichanjwa. Na wangu alichanjwa, nililisema hilo mbele ya kikao, kwa sababu najua swali linalofuata siku zote ni "wako je?"

Kilichobaki kwa wazazi wengi ni wasiwasi kwamba ukimchanja binti wa miaka kumi dhidi ya kirusi cha ngono, umempa ruhusa. Chanjo inafanya kazi vizuri kabla hajakutana na kirusi. Ukisubiri aanze, umechelewa. Mimi mwenyewe kwa wanangu nilisema ni chanjo ya saratani, basi, na hakuna aliyeniuliza zaidi. Maswali mengine yaliletwa na umri wao.

Mwezi uliopita alikuja kliniki ya wajawazito binti mmoja wa lile kundi la kwanza, mimba ya kwanza, kasindikizwa na mama yake. Aliona bango ukutani akaniuliza kama yeye anahusika, maana alichomwa shuleni. Nikamwambia chanjo imemkinga na zile mbili mbaya zaidi, haijamkinga na zote, hivyo akifika miaka 30 aje apimwe. Tukapiga hesabu pamoja, ni mwaka 2034. Nikaiandika kwenye kadi yake. Akasema, "Sista, huo mwaka wewe utakuwa umeshastaafu." Kweli nitakuwa nimestaafu, ila kadi inasomwa na yeyote.

Halafu nikamgeukia mama yake nikamuuliza umri. Arobaini na tatu, hajawahi kupimwa, kaacha maharage jikoni. Nilimwambia maharage hayaivi kwa dakika kumi. Alipimwa, ikawa hasi, akaondoka na kadi ya kurudi baada ya miaka 3, na kwenye korido nikamsikia akimsimulia mwanamke mwingine habari ya siki.